Miaka 100 ya Andrzej Wajda: Kwa nini filamu zake bado zinabishaniwa Poland?

Machi 6 mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka 100 tangu azaliwe Andrzej Wajda, mwongozaji wa filamu ambaye wengi humtaja kuwa mkubwa kuliko wote waliotoka Poland. Oktoba 9 itatimia miaka 10 tangu afariki dunia mjini Warsaw akiwa na umri wa miaka 90. Alifanya kazi ya filamu kwa zaidi ya miaka 60. Alipata tuzo ya juu ya tamasha la Cannes, filamu zake nne ziliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2000 akapewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote.

Tuzo hizo zinaeleza kwa nini anajulikana nje ya nchi yake. Hazielezi kwa nini nyumbani kwao, kizazi baada ya kizazi, watu bado wanazitazama filamu za mwaka 1957 au 1977 na kugombana juu yake. Waongozaji wengi wa enzi yake wamebaki kwenye vitabu vya vyuo. Wajda amebaki kwenye mazungumzo ya siasa, darasani na mezani.

Katika makala hii tunaeleza maisha na kazi yake kwa ufupi, kisha tunalitafutia jibu swali hilo. Tunalitazama pia kwa sababu linatugusa sisi tunaofanya kazi ya habari na utangazaji: mtu anayelipwa na serikali anaweza kusema ukweli kiasi gani, na anaulipia nini?

Mtoto wa kapteni

Wajda alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Suwałki, kaskazini mashariki mwa Poland. Baba yake, Jakub Wajda, alikuwa ofisa wa jeshi. Mama yake, Aniela, alikuwa mwalimu. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na siku 16 baadaye Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Andrzej alikuwa na miaka 13.

Baba alikwenda vitani akiwa kapteni na hakurudi. Alikuwa miongoni mwa maofisa wa Poland waliotekwa na Wasovieti na kuuawa mwaka 1940 kwa amri iliyopitishwa na Stalin na viongozi wenzake. Waliouawa walikuwa karibu 22,000: wanajeshi, polisi, madaktari, wanasheria, walimu waliokuwa wameitwa jeshini. Walipigwa risasi mmoja mmoja na kufukiwa katika makaburi ya halaiki. Mauaji hayo yote huitwa kwa jina moja la Katyń, msitu ulio karibu na Smolensk, ingawa yalifanyika sehemu kadhaa. Kapteni Wajda aliuawa Kharkiv.

Mwaka 1943 Wajerumani walipoyafukua makaburi ya Katyń na kuchapisha majina, familia iliona jina la Wajda, lakini jina la kwanza halikuwa la baba. Tofauti hiyo ndogo ilimpa mama matumaini. Aliendelea kusubiri hadi alipofariki mwaka 1950.

Baada ya vita Poland ikawa chini ya utawala wa kikomunisti uliosimamiwa na Moscow. Moscow ilisema wauaji wa Katyń walikuwa Wajerumani, na huo ndio ukawa msimamo rasmi. Kusema vinginevyo hadharani kulimweka mtu hatarini. Kwa hiyo kijana huyu alikua akijua jambo ambalo nchi nzima ilikatazwa kulitamka. Tukilishika hilo, filamu zake nyingi zinafahamika kwa urahisi zaidi.

Alianza kusomea uchoraji Kraków mwaka 1946, kisha akahamia chuo cha filamu cha Łódź, ambacho baadaye kilimtoa pia Roman Polański na Krzysztof Kieślowski.

Filamu tatu za vita

Filamu yake ndefu ya kwanza, Pokolenie, yaani Kizazi, ilitoka mwaka 1955. Inahusu vijana wa Warsaw wakati Wajerumani wanaitawala Poland. Ni lazima tuseme wazi kwamba ni filamu iliyofuata mstari wa chama tawala: mashujaa ni vijana wa kikomunisti, na jeshi kubwa la siri la Armia Krajowa, lililoitii serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, linaonyeshwa vibaya. Wajda mwenyewe aliwahi kulitumikia jeshi hilo la siri akiwa kijana. Wakosoaji wake wanaanzia hapo, na hawaanzii pabaya.

Miaka miwili baadaye alirudi kwa njia nyingine. Kanał, iliyotoka 1957, inawafuata wapiganaji wa Armia Krajowa katika siku za mwisho za maasi ya Warsaw ya mwaka 1944. Maasi hayo yalidumu siku 63 na yaliwaua raia wanaokadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Wapiganaji wamezingirwa, njia pekee iliyobaki ni mifereji ya maji machafu chini ya jiji. Wanaingia humo, wanapotea gizani, wanakufa mmoja mmoja.

Kuna tukio moja ambalo kila Mpolandi wa wakati ule alilielewa. Msichana na mpenzi wake aliyejeruhiwa wanafika mwisho wa mfereji, wanaona mwanga, lakini mlango umezibwa kwa nondo. Kupitia nondo hizo unaonekana mto Vistula na ng'ambo yake. Basi. Hakuna anayesema kitu. Lakini mtazamaji alijua ni nani aliyekuwa ng'ambo ya mto mwaka ule: jeshi la Kisovieti, lililosimama upande wa pili wakati jiji likiangamia. Kwenye karatasi, mkaguzi wa serikali hakuwa na neno la kukata. Filamu ikapata tuzo maalumu ya majaji wa Cannes.

Ya tatu ni Popiół i diament, yaani Majivu na Almasi, ya mwaka 1958, iliyotokana na riwaya ya Jerzy Andrzejewski. Ni siku ya mwisho ya vita Ulaya, Mei 1945. Kijana Maciek, mpiganaji wa jeshi la siri, anaagizwa kumuua kiongozi wa chama cha kikomunisti. Mwanzoni wanaua watu wasiohusika kwa makosa. Usiku huohuo Maciek anampenda msichana anayehudumu kwenye baa ya hoteli, na anaanza kutamani maisha ya kawaida. Hata hivyo anatekeleza amri, na alfajiri anapigwa risasi, anakufa akijikunyata kwenye jalala.

Chama kilipenda mwisho huo: adui wa mapinduzi amefia kwenye takataka. Watazamaji waliona kitu kingine kabisa. Waliona kijana wao, kaka yao, aliyepigana miaka mitano dhidi ya Hitler na sasa hana nafasi katika nchi yake. Mwigizaji Zbigniew Cybulski, na miwani yake myeusi na mavazi ya kijana wa miaka ya 1950 badala ya sare za vita, akawa sura ya kizazi kizima. Alifariki mwaka 1967 katika kituo cha treni cha Wrocław, alipoteleza akijaribu kurukia treni iliyokuwa inaondoka.

Mkaguzi anasoma, mtazamaji anaona

Kwa nini serikali ililipia filamu zilizoiumiza? Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu mfumo huo ulikuwa tofauti na wa Hollywood na hata na wa kwetu.

Poland ya kikomunisti haikuwa na mtayarishaji binafsi wa filamu. Fedha zote zilitoka serikalini. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1950 kazi iligawanywa kwa vikundi vya watayarishaji, kila kimoja kikiongozwa na mwongozaji mwenye jina. Kikundi ndicho kilichosoma miswada, kikaitetea mbele ya wizara, kikagawa bajeti. Wajda aliongoza kikundi kilichoitwa X kuanzia 1972.

Mfumo huu ulikuwa na nyufa. Mswada ulipitiwa kwa maneno, na maneno ndiyo yaliyokatwa. Picha ilikuja baadaye, ikiwa fedha zimeshatumika. Wajda alieleza mara nyingi kwamba udhibiti hufuata maneno, na kwamba ukiufanya mchoro kuwa na maana ambayo haimo kwenye mazungumzo, mkaguzi anabaki na kazi ngumu. Alikuwa amesomea uchoraji, na mafunzo hayo yakawa silaha yake. Farasi mweupe anayepita magofuni, msalaba uliopinduka kanisani, glasi za pombe kali zinazowashwa moto mmoja baada ya mwingine kuwakumbuka waliokufa: hayo yote mtazamaji aliyasoma bila kusomewa.

Mwenye Kiswahili hashangai. Mafumbo ni kazi ya zamani kwetu, katika mashairi, katika taarabu, katika khanga. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Tofauti ni kwamba Wajda alikuwa akiwafumbia mamilioni kwa wakati mmoja, tena kwa fedha za yule anayefumbwa.

Mwashi wa marumaru

Kazi iliyoonyesha wazi zaidi mvutano huo ni Człowiek z marmuru, yaani Mtu wa Marumaru. Mswada uliandikwa na Aleksander Ścibor-Rylski mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ulikaa zaidi ya miaka 10 bila ruhusa. Waziri wa utamaduni Józef Tejchma ndiye aliyekubali hatimaye, na filamu ikatoka mwaka 1977.

Mwanafunzi wa filamu, Agnieszka, anatafuta habari za mwashi aitwaye Birkut. Katika miaka ya 1950 Birkut alisifiwa kwa kujenga ukuta kwa kasi kuliko mtu yeyote huko Nowa Huta, mji mpya wa kiwanda cha chuma karibu na Kraków. Alichongewa sanamu ya marumaru, akapigwa picha, akatangazwa. Siku moja mtu anampa tofali la moto, mikono inaungua, hawezi tena kujenga. Anapomtetea rafiki yake aliyekamatwa, anaangushwa yeye pia. Sanamu yake inatupwa ghalani. Agnieszka anaikuta humo, na anataka kujua: mtu huyu yuko wapi?

Ndani ya filamu hiyo mna somo la kazi yetu. Agnieszka anatazama filamu za habari za zamani zilizompamba Birkut, kisha vipande vilivyokatwa ambavyo havikuonyeshwa: wafanyakazi wenye hasira na njaa. Wajda anatuonyesha jinsi shujaa anavyotengenezwa na watu wa habari, na jinsi anavyofutwa na watu haohao.

Wakubwa walikasirika. Mwisho wa asili ulionyesha kwamba Birkut alikufa katika maandamano ya Desemba 1970, wakati jeshi na polisi walipowafyatulia risasi wafanyakazi kwenye miji ya pwani ya Baltiki na zaidi ya 40 wakauawa. Sehemu hiyo ilikatwa. Kwenye tamasha la filamu la Gdańsk mwaka huo filamu haikupata tuzo rasmi, lakini waandishi wa habari walimpa Wajda tuzo yao kwenye ngazi, nje ya ukumbi: tofali lililofungwa utepe. Watu walipanga foleni kwenye kumbi za sinema kuitazama.

Mtu wa redio kati ya wagomaji

Agosti 1980 wafanyakazi wa karakana ya meli ya Gdańsk waligoma. Wajda alikwenda kuwatembelea. Amesimulia kwamba mfanyakazi mmoja alimtaka atengeneze filamu juu yao, na akampa na jina: Mtu wa Chuma. Agosti 31 serikali ilisaini makubaliano, na chama huru cha wafanyakazi cha Solidarność kikazaliwa. Kilifikia wanachama wapatao milioni 10.

Człowiek z żelaza ilikamilika kwa muda mfupi sana, na Mei 1981 ikapata Palme d'Or huko Cannes. Shujaa ni mtoto wa Birkut, Maciek Tomczyk, aliyeigizwa na Jerzy Radziwiłowicz, yuleyule aliyekuwa Birkut. Lech Wałęsa, kiongozi wa mgomo, anaonekana mwenyewe. Na kile kilichokatwa mwaka 1977, yaani kifo cha baba, sasa kilisemwa bila kificho.

Lakini sisi wa redio tunamkumbuka zaidi mtu mwingine katika filamu hiyo. Anaitwa Winkiel, mwandishi wa habari wa redio ya serikali, mlevi na mwoga. Wakubwa wanamtuma Gdańsk atafute uchafu wa kumchafua Tomczyk. Wakati wa mgomo pombe imepigwa marufuku mjini. Winkiel ana chupa moja, inamponyoka na kuvunjika kwenye sakafu ya bafu la hoteli. Anaifuta pombe kwa taulo, kisha analikamua. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeuza sauti yake.

Kadiri anavyowahoji watu, anazidi kuona aibu. Anaacha kazi na kujiunga na wagomaji. Mwishoni, furaha ya makubaliano ikiwa imetanda, ofisa mmoja anamwambia kutoka garini kwamba hati ile ni karatasi tu, haitambuliki kwa sababu ilisainiwa kwa kulazimishwa. Miezi saba baada ya Cannes, Desemba 13, 1981, Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza utawala wa kijeshi. Wałęsa na maelfu ya wenzake waliwekwa kizuizini, na filamu ikapigwa marufuku.

Wajda akaenda kufanya kazi Ufaransa. Danton, ya mwaka 1983, inamkutanisha Danton, aliyeigizwa na Gérard Depardieu, na Robespierre, aliyeigizwa na Mpolandi Wojciech Pszoniak. Kambi ya Danton walikuwa Wafaransa, kambi ya Robespierre Wapolandi. Baadhi ya wanasiasa wa mrengo wa kushoto wa Ufaransa hawakufurahi kuona mapinduzi yao yakionyeshwa kama mashine ya kula watu wake. Mwaka huohuo Wajda aliondolewa kwenye uongozi wa kikundi cha X. Miongoni mwa kazi zilizotoka humo ni Przesłuchanie ya Ryszard Bugajski, kuhusu mateso katika jela za Stalin, iliyofungiwa hadi 1989.

Katyń, na makaburi ya Tengeru

Utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, Wajda alichaguliwa seneta kwa tiketi ya Solidarność na akakaa bungeni hadi 1991. Mwaka 1990 Moscow ilikiri kwa mara ya kwanza kwamba Katyń ilikuwa kazi ya polisi wa siri wa Kisovieti.

Hata hivyo filamu ya Katyń ilichelewa hadi 2007. Ilizinduliwa Warsaw Septemba 17, siku ya kumbukumbu ya uvamizi wa Kisovieti. Wajda alikuwa na miaka 81. Sehemu kubwa ya filamu inawahusu wanawake: mke anayesubiri, mama anayesubiri, dada anayekataa kuandika tarehe ya uongo kwenye jiwe la kaburi. Jina la ofisa mmoja linakosewa kwenye orodha, na familia yake inabaki na matumaini, kama ilivyokuwa kwa Aniela Wajda. Mauaji yenyewe yamewekwa dakika za mwisho, bila muziki wa kupamba: mlango, risasi, ndoo ya maji ya kusafisha damu, mwingine anaingia.

Zaidi ya watu milioni 2.5 waliitazama kwenye kumbi za Poland. Aprili 2, 2010 televisheni ya Urusi iliionyesha kwenye chaneli yake ya utamaduni. Siku nane baadaye ndege iliyombeba Rais Lech Kaczyński ilianguka karibu na Smolensk alipokuwa akienda kwenye kumbukumbu ya Katyń, na watu wote 96 waliokuwamo wakafa. Kesho yake filamu ikaonyeshwa tena Urusi, safari hii kwenye chaneli kubwa ya taifa.

Habari hii ina mzizi hapa kwetu pia. Aprili 1940, wakati maofisa wakiuawa, familia zao ziliondolewa majumbani na kupelekwa Kazakhstan. Wapolandi wengine kwa mamia ya maelfu walipelekwa Siberia na kaskazini mwa Urusi. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, waliobaki hai waliachiwa, na mwaka 1942 wengi wakatoka kupitia Iran pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders. Kati yao raia 18,000 hadi 20,000, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliletwa Afrika: Masindi na Koja huko Uganda, Ifunda na Kidugala kusini mwa Tanganyika, na sehemu nyingine. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, ndani ya ukuta, yakitunzwa. Mkazi wa Arusha anayejiuliza kwa nini Wapolandi wamezikwa pale, anauliza habari ileile ambayo Wajda aliisubiri miaka 67 aionyeshe.

Wanaomkosoa wanasema nini?

Tungekuwa tunamwonea msomaji kama tungemtaja Wajda kwa sifa tupu. Malalamiko dhidi yake ni ya aina tatu.

La kwanza ni kwamba alikaa na wakubwa. Alichukua fedha za serikali, alikubali sehemu zikatwe, alianza na filamu iliyowapendeza watawala. Kuna Wapolandi wasiomsamehe hilo. Wanaomtetea wanauliza: angekataa, nani angeonyesha mfereji wa Warsaw mwaka 1957?

La pili linahusu Wayahudi. Ziemia obiecana, yaani Nchi ya Ahadi, ya mwaka 1975, inaonyesha Mpolandi, Mjerumani na Myahudi wakijenga kiwanda cha nguo Łódź katika karne ya 19. Ni moja ya filamu zake zinazosifiwa zaidi, lakini nje ya nchi ililaumiwa kwa namna ilivyowachora Wayahudi. Wajda alikana. Korczak, ya mwaka 1990, kuhusu daktari aliyekataa kuwaacha watoto yatima wa Kiyahudi na akafa nao Treblinka mwaka 1942, nayo ililaumiwa Ufaransa kwa sababu mwishoni watoto wanaonekana wakitoka kwenye behewa na kutembea ndani ya ukungu, kana kwamba hawakuuawa.

La tatu ni la siasa za leo. Mwaka 2013 alitoa filamu juu ya Wałęsa. Wapinzani wa Wałęsa wanasema mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na polisi wa siri, jambo ambalo Wałęsa analikana. Filamu inamwonyesha akitia saini karatasi za polisi chini ya shinikizo, kisha inaendelea kumheshimu. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa la kupita kiasi, kwa upande mwingine halikutosha.

Kwa nini umaarufu haujaisha

Tunaona sababu tatu.

Kwanza, alitengeneza filamu za vitabu ambavyo kila mtoto wa Poland anavisoma shuleni. Pan Tadeusz, iliyotoka 1999, inatokana na utenzi wa Adam Mickiewicz wa mwaka 1834, na wahusika wanazungumza kwa mizani 13 kila mshororo, kama ulivyoandikwa. Nchi yenye watu milioni 38 ilitoa watazamaji zaidi ya milioni 6. Filamu ikiwa sehemu ya masomo, haizeeki haraka.

Pili, aliacha watu. Agnieszka Holland alianzia karibu naye na akashiriki kuandika filamu zake kadhaa, zikiwamo Danton na Korczak. Mwaka 2023 Holland alitoa Zielona granica, yaani Mpaka wa Kijani, kuhusu wakimbizi kutoka Mashariki ya Kati na Afrika wanaorushwa kama mpira kati ya Belarus na Poland. Ilipata tuzo maalumu ya majaji Venice. Waziri wa sheria wa wakati huo, Zbigniew Ziobro, aliilinganisha na propaganda za Ujerumani ya Hitler, ingawa Holland ana asili ya Kiyahudi kwa upande wa baba. Chaguzi huru zipo, udhibiti wa zamani umekwisha, lakini bado filamu inaweza kumkosesha waziri usingizi. Hiyo ni njia aliyoichonga Wajda.

Tatu, na kwetu hii ndiyo kubwa, hakuchoka na swali lake. Filamu yake ya mwisho, Powidoki ya mwaka 2016, inamhusu mchoraji Władysław Strzemiński, mlemavu wa mkono na mguu, aliyefukuzwa chuoni Łódź mwaka 1950 kwa kukataa sanaa iliyoagizwa na serikali, na kufa katika umaskini mwaka 1952. Yaani mzee wa miaka 90, ambaye yeye alijua kukubaliana ili kazi itoke, alimaliza kwa kumheshimu mtu aliyekataa kukubaliana. Pengine huo ndio ukaguzi mkali kuliko wote aliowahi kufanyiwa, na aliufanya mwenyewe.

Pa kuanzia

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumtazama Wajda, tunashauri filamu nne kwa mpangilio huu. Anza na Majivu na Almasi, kwa sababu ni fupi na haihitaji maelezo mengi ya historia. Fuata na Mtu wa Marumaru na Mtu wa Chuma mfululizo, maana ya pili inajibu ya kwanza. Katyń iache mwisho, na usiitazame na watoto wadogo.

Na mwenzetu wa redio akipata nafasi ya moja tu, basi iwe Mtu wa Chuma. Amtazame Winkiel na lile taulo, kisha arudi kwenye kipaza sauti.